Sifuri kilomita, la Japani au la namba? Punguzo la gari huanza kabla ya kufika yadi

Pesa ya gari Arusha haipatikani kwa siku moja. Ni mkopo wa SACCOS utakaokatwa kwenye mshahara kwa miaka mitatu au minne. Ni kiinua mgongo cha mwalimu aliyestaafu Tengeru, bakshishi za misimu kadhaa za dereva wa watalii, kahawa na ndizi za shamba la Nkoaranga zilizouzwa na faida yake ikawekwa. Pesa iliyokusanywa kwa miaka mingi namna hiyo huweza kuondoka mchana mmoja tu, mbele ya gari lililooshwa likang'aa, huku dalali akisema kuna mteja mwingine yuko njiani analifuata hilohilo.

Makala haya yanamtetea mwenye pesa hiyo. Punguzo kubwa la gari halitolewi na muuzaji mwisho wa mazungumzo. Mnunuzi hulitengeneza mwenyewe mapema, pale anapoamua anunue gari la aina gani, la umri gani, kutoka kwa nani na mwezi gani. Anayeingia yadi bila kuamua hayo atapunguziwa laki mbili au tatu na kushukuru, kumbe milioni nne zilishampita kwenye ushuru.

Milango minne ya kuingilia sokoni

Mlango wa kwanza ni gari la sifuri kilomita, jipya kutoka kiwandani, linalouzwa na wakala rasmi. Lina dhamana ya mtengenezaji, kitabu cha sevisi kisicho na doa, na hakuna aliyelikalia kabla yako. Bei yake ndiyo ya juu kuliko zote.

Mlango wa pili ndio unaopitiwa na Watanzania wengi: gari lililotumika Japani, likashushwa bandarini na halijawahi kupewa namba za hapa. Unaweza kuliagiza mwenyewe kupitia tovuti za wauzaji wa Japani, au kulikuta yadini limeshalipiwa ushuru.

Mlango wa tatu ni gari la namba, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutembea Tanzania. Hapa watu hununua kwa herufi: namba C, namba D, namba E.

Mlango wa nne Arusha inao kuliko miji mingi ya nchi hii. Huu ni mji wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa tangu 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na taasisi iliyorithi kazi zake ina ofisi Lakilaki. Watumishi wa taasisi za namna hii huja kwa mikataba, wengine hununua magari kwa msamaha wa kodi, na mkataba ukiisha huyauza. Mara nyingi gari kama hilo lina kilomita chache, sevisi zake zina risiti na limepelekwa gereji kwa wakati. Kwa anayetafuta gari ambalo ni karibu jipya bila kulipa bei ya jipya, hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo.

Lakini mlango huo una kizingiti chake. Msamaha wa kodi ni wa mtu au taasisi, haumfuati mnunuzi. Asiye na msamaha akilinunua, ushuru lazima ulipwe kabla umiliki haujahamishwa. Kwa hiyo bei unayotajiwa haina maana mpaka ujue swali moja limejibiwaje: ushuru umelipwa, na kama haujalipwa, nani ataulipa? Jibu la mdomo halitoshi. Litakiwe kwenye mkataba, na hati za TRA zionekane kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kwa nini Japani huuza magari mazima

Wasomaji wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ambayo kupata gari kulihitaji kibali, subira na kujuana na watu. Bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, ilifungua njia kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Katika miaka iliyofuata biashara ya nje iliendelea kulegezwa, na gari lililotumika Japani likawa gari la Mtanzania wa kawaida.

Japani hawauzi magari haya kwa sababu yameharibika. Gari jipya kule hufanyiwa ukaguzi wa lazima, ambao Wajapani huuita shaken, baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na gari likizeeka gharama huzidi. Wengi huona heri kuuza na kuchukua jingine. Magari hayo huenda kwenye minada, na kwa kuwa Japani nao huendesha upande wa kushoto, usukani wake unaifaa Tanzania bila kubadilishwa kitu.

Kwenye mnada kila gari hupimwa na kuandikiwa karatasi. Juu kuna alama: 5 au 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye dosari, na R ni gari lililowahi kupata ajali au kutengenezwa sehemu zake za msingi. Chini kuna mchoro wa bodi wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapigwa rangi, na namba inayofuata herufi hueleza ukubwa wa dosari. Muuzaji anayekuambia gari ni "la grade nne" anatakiwa akuonyeshe karatasi hiyo. Nyingine ya kuomba ni cheti cha Japani cha kuondoa gari kwenye usajili ili lisafirishwe, maana huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wake wa mwisho. Dashibodi ikionyesha kilomita pungufu ya zile zilizo kwenye cheti, mazungumzo yameishia hapo.

Hesabu ya milioni nne

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa wakidhani wanaokoa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haijapiga marufuku umri, bali inautoza. Gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Tozo hiyo huja juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18.

Tuchukue magari mawili yenye injini ya cc 1,500, ambayo kiwango chake cha ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. La kwanza lina miaka 7 na thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni Sh10 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh2,500,000, na jumla inakuwa Sh12,500,000. Asilimia 5 yake ni Sh625,000. VAT ya jumla hiyo yote ni Sh2,362,500. Gari limekufikia kwa Sh15,487,500, kabla ya tozo ndogondogo na gharama za bandari.

La pili lina miaka 11, na ukiliona mtandaoni linavutia kwa sababu thamani yake ni Sh8 milioni tu. Ushuru wa forodha ni Sh2,000,000, jumla Sh10,000,000. Asilimia 5 ni Sh500,000, na uchakavu wa asilimia 30 ni Sh3,000,000. VAT ni Sh2,430,000. Jumla ni Sh15,930,000.

Gari lililozidi mwenzake miaka minne, ambalo Japani lilikuwa nafuu kwa milioni mbili, limefika Arusha likiwa ghali zaidi kwa zaidi ya laki nne. Na kama magari yote mawili yangekuwa na thamani ileile ya Sh10 milioni, lile kuukuu lingedaiwa kodi zaidi kwa Sh4,425,000. Hakuna kiwango cha kubembeleza yadi kitakachorudisha pesa hiyo. Imekwenda kwa sababu mnunuzi alitazama bei ya Japani na hakutazama mwaka wa kutengenezwa.

Jambo la pili: TRA haitegemei bei iliyoandikwa kwenye ankara yako. Inayo orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na kwenye tovuti yake kuna kikokotoo ambacho mtu yeyote anaweza kukijaza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini akapata kodi yote kabla hajatuma hata shilingi. Viwango huweza kubadilika katika bajeti inayosomwa kila Juni, kwa hiyo rudia hesabu siku unayonunua. Hiyo ni kazi ya dakika kumi kwenye simu, na hakuna sehemu nyingine ya ununuzi inayolipa hivyo.

Herufi ya namba si mwaka wa gari

Kwenye magari ya namba kuna mtego mwingine. Herufi ya kibao hueleza gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haielezi lilitengenezwa lini. Gari la 2005 lililoingia nchini juzi litabeba namba E, na gari la 2012 lililoingia zamani kidogo litabeba namba D. Hata hivyo soko hulipa zaidi kwa herufi mpya. Mnunuzi makini anaweza kuigeuza tabia hiyo kuwa punguzo: atafute namba D yenye mwaka mzuri na historia inayojulikana, na aache wengine wagombanie E. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari.

Kuna sababu nyingine ya kulitazama gari la namba kwa heshima. Kodi yote ile tuliyoihesabu ililipwa na mmiliki wa kwanza. Anapouza hawezi kuirudisha yote, kwa sababu thamani ya gari hushuka na kodi iliyomo ndani yake hushuka nayo. Anayenunua wa pili hurithi kodi iliyolipwa kwa bei ya leo. Gari la mmiliki mmoja anayefahamika, fundi wake yupo na anaweza kuulizwa, limeshapanda milima ya hapahapa na udhaifu wake unajulikana. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, mwandishi huyu angeanza kutafuta hapo. Likikosekana, angeagiza Japani gari lisilozidi miaka 7. Sifuri kilomita angemwachia mtu au kampuni ambayo gari likilala gereji siku moja kazi inasimama, na ambayo inakusudia kukaa nalo miaka kumi bila kulipia mkopo unaomnyima mtu usingizi.

Mlima Meru nao una kauli

Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya miteremko ya Meru viko juu zaidi. Hewa ikipungua, injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari la cc 1,000 ambalo Dar es Salaam halina tatizo, hapa limepoteza sehemu ya nguvu kabla hujapakia mtu. Likibeba watu watano na magunia mawili kuelekea Ilkiding'a, litapanda kwa gia ya kwanza likilalamika, na mafuta uliyotaka kuokoa utayachoma.

Mafuta yenyewe hayana mapatano. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kituo hakiwezi kukuzidishia juu yake wala wewe huwezi kukibembeleza sana. Unachoweza kuamua ni ukubwa wa injini, na unauamua mara moja tu, siku ya kununua.

Upande wa kusini wa mlima, kuanzia Usa River kupanda Nkoaranga na Akeri, ni wa mvua, migomba na udongo unaoteleza wakati wa masika. Kaskazini, Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki, ni ukame na vumbi la mlima wa volkano linalopenya kila mahali. Anayeishi Njiro na kufanya kazi mjini, gari dogo la chini linamfaa. Mwenye shamba Ngare Nanyuki anahitaji gari lililonyanyuka, na kichujio cha hewa atakibadilisha mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Kabla hujauliza bei, andika njia utakazopita wiki nzima. Gari lisilofaa njia zako halina punguzo litakalolifanya liwe rahisi.

Uliza vilevile spea. Toyota za aina zinazoonekana kila kona vipuri vyake vinapatikana mjini. Gari la nadra, hata liwe zuri namna gani, litakufanya usubiri kifurushi kutoka Kariakoo kwa basi, au kutoka nje ya nchi.

Muuzaji anajua, mnunuzi anakisia

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Alieleza hivi: muuzaji anajua gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona bei hiyo inamwonea, akaliondoa sokoni. Mwenye gari bovu huifurahia. Mwisho wake soko hujaa mabovu, na waaminifu wa pande zote mbili huumia.

Dawa yake ni kupunguza kile usichokijua, na kwa mnunuzi wa hapa dawa hiyo inaitwa fundi. Awe fundi wako, unayemlipa wewe, asiyejuana na muuzaji. Malipo ya fundi wa kupima gari ni kidogo sana ukilinganisha na bei yenyewe, lakini watu hulipa mamilioni kwa gari ambalo wamelizunguka tu na kupiga teke tairi.

Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkikuta imeshawashwa, ulizeni kwa nini, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Fungueni kifuniko cha oili: uji mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yanachanganyika na oili, na huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Fundi achomeke mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na aangalie pia kama hitilafu zimefutwa asubuhi ileile.

Kisha ingieni chini. Gari lililoishi pwani linaweza kuwa na kutu ya chumvi, na yapo ya Japani yaliyotoka kaskazini, Hokkaido, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Juu bodi inang'aa, chini chasisi imeliwa. Tazameni shokapu kama zinavuja, bushi kama zimepasuka, na ubavuni mwa kila tairi tafuteni tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zinazong'aa zinaweza kuwa na miaka saba.

Mwisho, liendesheni. Lipandisheni Ilboru au mlima wowote wenye kona, kisha mshuke nalo, msikie gia inavyobadilika na breki inavyoshika. Halafu liende kwenye lami iliyonyooka kwa mwendo unaoruhusiwa, usukani uachiwe kidogo, muone kama linavuta upande. Muuzaji anayekataa gari lisipandishwe mlima amekwishajibu swali lenu.

Namna ya kuomba punguzo

Kila mlango una mapatano yake. Kwa wakala wa magari mapya, bei huwa imepangwa, na muuzaji wa dukani hana uhuru mkubwa wa kuishusha. Lakini anaweza kukuongezea: sevisi za mwanzo, gharama za usajili, vifaa vya ndani, tairi ya akiba nzuri zaidi. Uliza kama kuna gari la mwaka uliopita lililobaki stoo, au lile ambalo wateja wamekuwa wakiliendesha kwa majaribio. Hayo ndiyo magari ambayo wakala mwenyewe anataka yatoke. Ukiwa taasisi inayonunua zaidi ya moja, sema mapema, maana bei ya mengi si bei ya moja.

Yadini, kinachozungumza ni muda. Gari lililokaa miezi limefunga mtaji wa mwenye yadi, na kila wiki linazidi kumgharimu. Vumbi la ndani ya boneti, betri iliyokufa na tairi zilizobonyea kwa kusimama vinaeleza historia hiyo bila kuuliza.

Kwa gari la namba, nguvu iko kwenye karatasi ya fundi. Badala ya kusema "punguza kidogo", taja kasoro na gharama yake. Mazungumzo yaende namna hii:

— Kaka, gari nimelipenda. Ila tairi mbili za nyuma zimepitwa na wakati, na shokapu ya kushoto inavuja. Fundi ameandika gharama, hii hapa.

— Dada yangu, hizo mbona ni kazi ndogo tu.

— Sawa, ni ndogo. Basi ama uzifanye wewe kabla sijalipa, ama uzitoe kwenye bei nizifanye mimi.

— Hebu nimpigie mwenye gari.

Hapo hakuna aliyetukanwa wala kudharauliwa, na muuzaji ana sababu ya kumweleza mwenye mali. Kupatana vizuri hakuhitaji kuliponda gari la mtu. Sema bei yako ukiwa umeijua kwa kuuliza magari yanayofanana katika sehemu kadhaa, kisha nyamaza. Kama hujafikia makubaliano, aga kwa heshima, acha namba ya simu. Simu nyingi hupigwa jioni ya siku hiyo au mwisho wa mwezi.

Dalali naye aelezwe mapema: analipwa na nani na kiasi gani. Dalali anayelipwa kwa kuzidisha bei juu ya ile ya mwenye gari hawezi kukutetea, hata awe mtu mwema. Omba kukutana na mwenye gari ana kwa ana.

Wanawake wanastahili uangalizi wa pekee hapa. Mwanasheria na mchumi Ian Ayres wa Marekani alituma watu kwenye maduka ya magari ya Chicago wakiwa wamefundishwa kuzungumza na kupatana kwa namna ileile. Matokeo aliyochapisha mwaka 1991 yalionyesha kwamba wanaume weupe walitajiwa bei nafuu kuliko wanawake na watu weusi. Mwanamke wa Arusha anayekwenda yadi anajua hisia hiyo: muuzaji humsalimia yeye, kisha bei humwambia kaka aliyekuja naye. Karatasi ya fundi na hesabu ya TRA mkononi humpa mtu yeyote sauti ileile. Na wauzaji waaminifu, ambao mji huu unao wengi, wanaweza kulimaliza jambo hili kwa kuandika bei kwenye kioo cha kila gari.

Msimu wa watalii na magari ya porini

Arusha ina jambo jingine: kalenda ya utalii. Msimu mkubwa huanza Juni hadi Oktoba, na mwingine mwishoni mwa mwaka hadi Februari. Aprili na Mei, masika yakiwa yamepamba moto, wageni hupungua na kampuni huhitaji fedha za kulipa mishahara na matengenezo. Anayetafuta Land Cruiser iliyotumika aulize katika miezi hiyo. Akienda Juni, anashindana na kampuni zinazoongeza magari.

Lakini ajue ananunua nini. Land Cruiser nyingi za watalii zimekatwa na kurefushwa, paa likafanywa la kunyanyuka, kazi ambayo karakana za mji huu, kama Hanspaul, zimejijengea jina kwayo. Injini ya 1HZ ya lita 4.2 inasifika kwa uvumilivu, ila chasisi iliyopita barabara za Serengeti na Ngorongoro kwa miaka inahitaji kukaguliwa pale ilipoungwa, sentimita kwa sentimita. Mnunuzi anayeitaka kwa familia afikirie pia bei ya mafuta ya gari zito namna hiyo.

Karatasi zikamilike kabla ya furaha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi, herufi kwa herufi. Kadi iwe halisi, na jina lililomo liwe la anayekuuzia. Kama gari lina mkopo, benki itakuwa na haki juu yake, na muuzaji alete barua ya benki kwamba deni limekwisha. Angalia kwenye mfumo wa Polisi kama namba hiyo inadaiwa faini za barabarani, na kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kama bima ya gari ni ya kweli. Deni la zamani la leseni ya magari halipaswi kukusumbua kwa miaka ya karibuni, kwani ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta.

Andikishianeni mkataba mbele ya wakili, kila upande na mashahidi wake. Lipa kwa benki, ibaki kumbukumbu. Kisha hamisha umiliki TRA mara moja. Wengi hukaa na gari miaka miwili likiwa na jina la mtu mwingine ili kukwepa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Siku gari likipata ajali, au mwenye jina akifariki na warithi wakaanza kuulizana, akiba hiyo ndogo hugeuka kesi. Hili linamhusu muuzaji pia: mpaka jina libadilike, makosa ya barabarani ya mnunuzi yanaandikwa kwake. Na gharama hizi za uhamisho ni sehemu halali ya mapatano. Kubalianeni nani analipa kabla hamjapeana mikono.

Usitumie fedha zote kwenye bei ya gari. Weka pembeni fedha za sevisi ya kwanza kamili, oili ya injini na ya gia, vichujio, breki na bima inayolingana na thamani ya gari. Kama bajeti haitoshi kwa gari na sevisi yake, punguza gari, usipunguze sevisi. Mtu aliyenunua gari la daraja la chini kidogo na akabaki na fedha ya kulitunza, baada ya miaka mitano atakuwa na gari linalouzika, na atakayelinunua atakuta kadi yenye jina sahihi, risiti za sevisi na mwenye gari anayejibu maswali bila kutetereka. Soko la magari la mji huu litakuwa safi kwa kadiri watu wa namna hiyo watakavyoongezeka, na kila mnunuzi anaweza kuwa mmoja wao kuanzia siku anayosaini mkataba.